Madam Nanyama na Msimu wa Watu Tisa

Uchovu wa Nanyama haukuwa wa kupimwa hospitali. Haukuwa malaria wala presha. Ulikuwa umekaa naye miaka mingi hadi ukazoea nyumba, ukajua sufuria zinawekwa wapi. Aliamka nao Kawangware, akavuka nao Dagoretti Corner, akafundisha nao upishi katika Chuo cha Ufundi cha Mikaratusi, nyuma ya mtaa wa Jamhuri. Nusu ya wanafunzi wake walishangaa kwamba kukaanga yai kunasomewa diploma, na nusu nyingine walikuwa wamekuja kula. Jioni alivua viatu, akavua soksi, akavua hata heshima akalala na gauni la kazini, lakini uchovu haukuwa na kifungo cha kuufungulia.

Timu ya besiboli aliipata akiwa amelala. Huo ndio ukweli. Ulikuwa mkutano wa walimu, mchana, baada ya githeri, na prinsipali alikuwa akieleza habari za maegesho ya magari kwa sauti ya kubembeleza mtoto. Nanyama akafumba macho kidogo tu, ayapumzishe. Alipoyafumbua watu walikuwa wanampigia makofi.

"Tunashukuru sana Madam Nanyama kwa kukubali," prinsipali akasema.

Alikubali nini? Ilibidi amuulize jirani. Kumbe Mjapani mmoja wa kujitolea alikuwa amerudi kwao na kuacha magunia mawili ya glavu, magongo sita na kikundi cha vijana waliokuwa wameonja mchezo. Alihitajika mlezi, na prinsipali alikuwa amesikia kwamba Nanyama aliwahi kucheza kitu cha namna hiyo zamani, huko kwao Kimilili. Alichocheza ni rounda, akiwa darasa la sita, bila viatu.

Ingawa kusema kweli tofauti si kubwa. Besiboli ni rounda iliyopelekwa ng'ambo ikarudi na sare. Watu tisa wanasimama uwanjani, mmoja wao anarusha mpira, na wa upande wa pili wanakuja mmoja mmoja na gongo kuupiga, kisha wanakimbia kuzunguka besi nne. Ukikosa kabisa, au ukidakwa, au mpira ukikutangulia kwenye besi, umetoka. Wakitoka watatu, mnabadilishana, na mabadilishano hayo yanarudiwa zamu saba. Nanyama alivielewa vyote kwa siku moja. Jambo alilochukua msimu mzima kulielewa ni namna ya kuwapata hao watu tisa.

Walianza kumi na nne, wote na shauku. Wawili wakaenda mafunzo ya kazini Mombasa, wakasema watarudi wikendi. Mmoja akapata mchumba. Mwingine akagundua kwamba mpira wenyewe ni mgumu kama jiwe, akauliza kama hakuna wa plastiki, akaambiwa hakuna, akaondoka na glavu. Kufikia nusu ya msimu walikuwa wamebaki kumi, na kati ya hao kumi, Jumamosi yoyote ile, mmoja alikuwa mgonjwa, mmoja alikuwa na kibarua Kilimani, na mmoja alikuwa "njiani, Madam, nimefika hapo kwa raundabauti," kumbe bado yuko kitandani anatafuta soksi.

Matokeo yalikuwa ya kusikitisha mpaka yakaanza kuchekesha. Mechi ya kwanza Sammy alidaka mpira vizuri kabisa, kisha badala ya kumrushia mwenzake wa kwenye besi, akamtandika nao mpinzani mgongoni, akaanza kucheza dansi. Mtaani kwao walicheza kati, na katika kati ukimgonga mtu umeshinda. Ikabidi Nanyama aingie uwanjani kumwombea msamaha kwa yule kijana, aliyekuwa amelala chini akimwita mama yake. Ushindi wao ulikuwa mmoja tu, na waliupata kwa sababu basi la wapinzani lilikufa Limuru.

Mara mbili wao wenyewe walikosa kutimia tisa. Mara ya kwanza wanne walikuwa Karen wakibeba mahema ya harusi. Mara ya pili Muindi alifiwa na mjomba, na timu nzima ikaenda kumzika marehemu ambaye hakuna aliyemjua, kwa sababu walisikia kutachinjwa ng'ombe. Na sheria ya ligi ilikuwa wazi: ukishindwa kutimiza watu tisa mara ya tatu, unafutwa. Si mechi hiyo tu. Jina la chuo linaondolewa na kila mlichocheza tangu Januari kinahesabiwa kama hakikuchezwa.

Walimu wenzake walimwambia aombe Mungu wafutwe, apumzike Jumamosi. Walikuwa na haki. Hata yeye alijua angelala mpaka saa nne, aamke, ageuke, alale tena. Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakuwaambia.

Maisha ya Nanyama yalikuwa yamejaa vitu vilivyosimama njiani. Nyumba ya Kimilili ilikuwa imefika kwenye linta ikasimama, sasa mbuzi wa jirani ndio waliohamia. Shahada ya jioni ilikatika muhula wa tatu. Ndoa nayo haikuvunjika. Ilizimika tu kama gari lililoishiwa mafuta, kila mtu akashukia upande wake akatembea. Hata sweta aliyoanza kumfumia dada yake ilikuwa na mkono mmoja, na dada yake alikuwa na miwili. Kwa hiyo siku moja, akikunja sare zenye tope, alijikuta akisema kwa sauti: "Hii itaisha yenyewe." Hakutaka kikombe. Alitaka kuona kitu kimoja chenye mwanzo kikifika mwisho, mchezaji wa mwisho atoke katika zamu ya mwisho, watu washikane mikono waende nyumbani. Baada ya hapo prinsipali angeweza kumpa timu mtu mwingine aliyelala.

Ikabaki mechi moja.

Jumamosi hiyo wapinzani kutoka Thika walifika mapema, watu ishirini, na viti vyao vya kukunja. Upande wa Mikaratusi walikuwepo wanane. Nanyama alisimama kando ya uwanja na chupa ya chai, akitazama geti. Nahodha wake, Shem, kijana mrefu mrushaji wa mpira, alikuwa akimpigia simu Omollo, mchezaji wa tisa.

"Anasemaje?" Nanyama akauliza.

"Anasema ako hosi, Madam."

"Anaumwa nini?"

"Si yeye. Ni dem wake. Amejifungua."

"Omollo ana mtoto?"

"Hata yeye amejua leo."

Nanyama akakaa juu ya kreti la soda. Refa, mzee mmoja aitwaye Wachira, alikuwa amekwisha kutazama saa yake, akaipangusa, akaitazama tena. Wachira alikuwa mtu wa sheria. Inasemekana aliwahi kumtoa uwanjani mwanawe mwenyewe kwa kutochomekea shati.

Mtu yeyote aliyesajiliwa chuoni aliruhusiwa kucheza. Nanyama akapitia wanafunzi wake kichwani, mmoja mmoja, akiwakataa: huyu mvivu, huyu mjamzito, huyu anaogopa kuku. Ndipo akamkumbuka Taranjit wa darasa la jioni. Kwao Taranjit walikuwa wapishi wa harusi, Masingasinga wa Kilimani, na yeye alisomea upishi ili apate cheti cha kazi aliyokuwa akiifanya tangu utotoni. Muhimu zaidi, alikuwa anacheza kriketi. Akampigia.

"Taranjit, uko wapi?"

"Niko home, Madam. Saa tano naenda gurdwara, niko na zamu ya kusukuma roti jikoni."

"Unajua kudaka mpira?"

"Madam, sasa hiyo ni swali gani? Mimi nacheza kriketi kutoka nikiwa mdogo hivi."

"Basi kuja uwanjani sasa hivi. Tunakosa mtu mmoja."

"Lakini itachukua muda gani? Nikichelewa nyanya yangu Biji ataniua, na Biji hajui polepole."

Nanyama hakuwa mtu wa kuwadanganya wanafunzi. Aliwatukana inapobidi, lakini hakuwadanganya. Akatazama saa ya Wachira kwa mbali.

"Ni mchezo mfupi," akasema.

Taranjit alikuja kwa pikipiki akiwa na begi refu, amevaa nyeupe toka juu hadi chini kama anayekwenda kubatizwa. Helmeti za timu hazikuingia juu ya kilemba chake, lakini alikuwa na yake ya kriketi, kubwa, yenye vyuma mbele ya uso. Wachira akaizunguka mara mbili, akatafuta sheria ya kuikataza, akaikosa. Watu tisa. Mchezo ukaanza.

Wenyeji ndio husimama uwanjani kwanza. Taranjit alikataa glavu, akasema inamziba vidole. Mpinzani wa kwanza alipoupiga mpira juu sana, yeye aliurudia nyuma taratibu, akaudaka kwa mikono mitupu na kuupangusia kwenye suruali. Wenzake walisahau kucheza wakamtazama. Akadaka na wa pili. Wa tatu Shem alimmaliza mwenyewe. Watatu nje, na hakuna aliyefunga. Tangu Januari jambo kama hilo halikuwahi kutokea.

Nanyama alipoona hivyo, kitu kilichokuwa kimekazwa mgongoni mwake kikalegea. Zamu ya Mikaratusi kupiga ilipoanza, alivua viatu, akaegemea mti, akayapumzisha macho. Kwa mbali alisikia Muindi amepiga na kufika besi ya kwanza. Akasikia Taranjit akipiga, mlio mzuri, kisha watu wa Thika wakishangilia. Bila shaka amedakwa. Haidhuru. Baada ya muda mkono wenye jasho ukaushika wake.

"Asante sana, Madam. Mchezo mzuri."

"Karibu tena," Nanyama akajibu bila kufumbua macho.

Aliyemwamsha ni Shem.

"Madam. Taranjit ameenda wapi na begi?"

Nanyama akafumbua macho. Mahali palipokuwa na begi refu palikuwa na nyasi zilizolala. Akakumbuka ule mkono, akakumbuka "karibu tena". Akakimbia pekupeku mpaka getini. Masila, mwendesha pikipiki aliyezoea kumbeba kila siku, alikuwa amekaa kwenye tangi akila ndizi.

"Yule wa kilemba?" Masila akasema. "Si amebebwa na mwenzangu sasa hivi. Alikuwa anacheka, Mathe. Anasema mmemaliza."

Akapiga simu. Imezimwa. Akapiga tena, kana kwamba itaona haya ijiwashe.

Hesabu yenyewe haikuhitaji diploma. Wakati huu walikuwa wanapiga, na anayepiga huja mmoja mmoja, kwa hiyo hakuna ambaye angejua kwamba wamepungua. Ametoka mmoja, Taranjit. Wakitoka wawili zaidi, itawabidi warudi kusimama uwanjani, na Wachira atawahesabu. Atahesabu wanane. Na msimu utaisha hapohapo, tena kwa kufutwa, kana kwamba hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuchafua suruali.

Akarudi mbio, akawaita walioketi.

"Sikilizeni. Nakwenda kumrudisha. Nyinyi kazi yenu ni moja tu: msitoke. Mtu yeyote asitoke mpaka nirudi."

"Madam," Shem akasema, "si hiyo ndiyo umekuwa ukituambia msimu mzima?"

"Leo namaanisha!"

Masila aliendesha kama aliyeiba hiyo pikipiki. Njiani Nanyama alishika viatu mkononi na simu mdomoni. Gurdwara, nyumba ya ibada ya Masingasinga, ilikuwa upande wa Kilimani, kati ya maghorofa mawili mapya. Masila alisema anaijua vizuri, ni pale ambapo mtu yeyote hula bure na hakuna anayemwuliza kabila. Mlangoni mzee mmoja akamtazama Nanyama miguuni, akakuta viatu vimekwisha kuvuliwa, akafurahi, akampa kitambaa afunike kichwa. Sakafu ya marumaru ilikuwa baridi. Kwa nusu dakika miguu ya Nanyama ilikataa kuondoka.

Jikoni palikuwa na sufuria za dengu ambazo ungeweza kumwogeshea ndama. Wanawake na vijana walikuwa wameketi mbele ya vibao wakisukuma roti, chapati zao nyembamba, na katikati yao, unga hadi viwikoni, Taranjit.

"Madam! Umekuja kula?"

"Nimekuja kukuchukua! Mchezo unaendelea!"

"Unaendelea aje? Wao walipiga, sisi tukapiga. Kila mtu amepata zamu. Na mimi nilitoka, Madam. Nilidakwa, uliona."

"Ulitoka mara ya kwanza. Utapiga tena. Kila mtu anapiga mara tatu, hata nne. Zamu ni saba!"

Taranjit akaacha kusukuma. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa wafu wanaruhusiwa kuja ofisini Jumatatu. Katika kriketi, ukitoka umetoka. Unavua glavu, unashukuru watu, siku yako ya kupiga imekwisha.

"Mtu ametoka," akasema polepole, "halafu anarudi?"

"Ndiyo."

"Mara nne?"

"Ndiyo, Taranjit!"

"Na hamuoni aibu?"

Simu ya Nanyama ikalia. Ilikuwa Shem.

"Madam, huku kumekuwa maajabu. Tumeamua hakuna kupiga. Mtu anasimama tu na gongo kama askari. Yule mrushaji wao amezoea tukipiga kila kitu, hata ndege. Sasa amechanganyikiwa, anarusha nje nje, na akirusha nje mara nne mtu anatembea bure mpaka besi. Tumefunga mbili!"

"Wametoka wangapi?"

"Bado ni mmoja. Sammy ndiye anaenda. Amesimamisha mchezo afunge kamba za viatu."

"Vizuri."

"Alikuwa amezifunga, Madam. Amefungua ndiyo afunge."

Nanyama akamgeukia Taranjit, lakini sauti nyingine ikawahi.

"Nani huyu anapigia watu kelele jikoni kwangu?"

Alikuwa bibi mmoja mdogo wa umbo, ameketi kwenye stuli na mti wa kusukumia mkononi, na jiko zima lilikuwa limenyamaza bila kuambiwa. Taranjit akanong'ona kwamba huyo ndiye Biji, nyanya yake, jina lake Ravneet, na kwamba Madam azungumze naye polepole.

"Shikamoo, Biji. Mimi ni mwalimu wa Taranjit. Naitwa Nanyama."

Bibi akainua uso.

"Nanyama? Wa wapi? Kimilili?"

"Kimilili, ndiyo."

"Mulembe, Nanyama."

Ilikuwa salamu ya lugha ya kwao, na Nanyama akamkazia macho.

"Usinitazame hivyo. Mimi nilizaliwa Webuye, baba yangu alikuwa na kinu cha kusaga pale stesheni. Nimekula mboga za kwenu kabla wewe hujazaliwa. Sasa sema shida yako haraka, watu wameketi huko nje wanangoja."

Nanyama akaisema. Aliisema yote kwa pumzi moja: watu tisa, sheria, Omollo na mtoto wake wa ghafla, na kwamba usingizi wake mwenyewe ndio uliomwachilia Taranjit aondoke. Akamalizia: "Nataka iishe tu, Biji. Wapigwe, sijali. Lakini iishe yenyewe."

Ravneet akaitazama foleni ya roti, akamtazama mjukuu wake.

"Huyu alisema atasukuma mpaka saa nane. Alisema mbele ya watu. Akienda, nani atashika kibao chake?"

"Mimi."

"Wewe unajua?"

"Nafundisha upishi."

"Sijauliza unafundisha nini."

Simu tena. "Madam, Sammy ametoka," Shem akasema, na kelele za watu zilimzidi. "Refa amemwambia hata akitaka kununua viatu vingine, huo muda hana wa kumpa. Wawili nje sasa. Amebaki mmoja mbele yangu, halafu ni mimi. Ukiona simu haishikwi, ujue ni zamu yangu."

"Shem, usitoke."

"Madam, najaribu."

Ravneet akanyoosha mti wa kusukumia, si kwa Taranjit bali kwa Nanyama.

"Enda," akamwambia kijana. "Na ukirudi nyumbani utanieleza huo mchezo wa watu wasiojua kutoka."

Taranjit akatoka mbio na unga mikononi. Masila alikuwa hajazima injini. Nanyama alisikia pikipiki ikikohoa, ikapiga kona, ikapotea katika kelele za mjini, na yeye akabaki ameketi sakafuni mbele ya kibao, kitambaa kichwani, akitambua polepole alichokifanya. Kiti cha abiria wa pili hakikuwepo kwenye ile pikipiki. Akiondoka, zamu ya roti inabaki wazi, na alikuwa ametoa neno lake. Akibaki, mechi itaisha bila macho yake. Msimu mzima alikuwa ameingoja saa moja tu, na saa hiyo sasa ilikuwa upande wa pili wa Ngong Road.

Akachukua donge la kwanza.

"Hii ni nini?" Ravneet akasema baada ya dakika. "Godoro? Mtu atakula au atalala?"

"Huko kwetu ndivyo tunavyopenda, Biji. Inashibisha."

"Najua huko kwenu. Sukuma. Nataka nione kibao chini yake."

Akasukuma. Akapiga simu ya Shem, ikalia bila kushikwa. Kwa hiyo ilikuwa zamu yake. Nanyama alimwona kijana huyo kichwani, mikono yake mirefu, gongo begani, akiwa mtu wa mwisho kati yao na kufutwa, na yule wa Thika akirusha kwa hasira. Akasukuma roti nyembamba hadi ikatoboka. Ravneet akaitupa kando. Akasukuma nyingine. Hakuna simu. Mwanamke wa kando akamwuliza kama ana mgonjwa.

Hatimaye simu ikatetemeka kwenye unga. Ilikuwa Masila.

"Mathe, mzigo umefika."

"Walikuwa bado wanapiga?"

"Nani?"

"Wachezaji wangu!"

"Aa, huyo mrefu alikuwa anaupiga mpira nje, pembeni pembeni, kila ukija anaupiga nje, na mzee anasema urushwe tena, watu wamechoka hadi wanapiga miayo. Sasa ametoka ndiyo huyo Singh akaingia getini. Yule mzee anawahesabu."

"Wangapi?"

"Ngoja." Masila, mtu asiyejua lolote la besiboli, akahesabu kwa sauti kubwa, taratibu, na jiko zima likasikiliza. "...saba, nane, huyu anafunga helmeti, tisa. Ni tisa, Mathe. Ni wengi ama wachache?"

Nanyama akakata simu kwa kidole chenye unga. Ravneet alimwangalia kidogo, kisha akamsogezea madonge mengine.

Alisukuma zamu yote ya Taranjit. Watu waliingia kwa makundi, wakaketi sakafuni kwa safu, wakala, wakanyanyuka, safu nyingine ikaja: mabawabu wa maghorofa, wanafunzi, wazee wa Kihindi, mafundi wa ujenzi wenye vumbi kwenye kope. Mgongo ulimuuma mahali papya, palipokuwa pamebaki pazima. Hakupiga simu tena. Aliogopa kwamba akiuliza, yule atakayejibu atamwambia Muindi ameteguka mguu, au mvua imeanza, au wawili wameenda kununua soda wasirudi. Ilipofika saa nane Ravneet akamnyang'anya mti mkononi.

"Basi. Nenda ukae na wenzako, ule."

"Nitakula nyumbani, Biji."

"Nyumbani nani amepika?"

Akaenda akakaa. Alikuwa amewapikia watu miaka ishirini na hakukumbuka lini aliwahi kukaa chini mtu mwingine akamwinamia na sufuria. Kijana akamwekea dengu, akamwekea roti mbili, akauliza kama atapenda na wali. Hapo ndipo simu ikalia.

"Madam." Shem alikuwa hana sauti. "Imeisha."

"Imeisha vipi? Nani ameumia?"

"Hakuna mtu. Imeisha tu. Zamu saba, mpaka mtu wa mwisho. Refa ametoa kofia akatupa mkono, mmoja mmoja. Tulikuwa tunaongoza mpaka ya mwisho kabisa, halafu wakatupita kwa moja. Tumepigwa, Madam. Pole."

"Mlikuwa tisa?"

"Tisa."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho. Tungoje ama twende? Watu wamechoka."

Nanyama akaegemeza mgongo ukutani, akanyoosha miguu, akaiweka simu kati ya bega na sikio ili mikono ipate kula.

"Wachoke wakiwa wamekaa," akasema. "Wewe nisimulie, anza pale nilipoondoka. Muindi alikuwa besi ya ngapi?"

"Ya kwanza."

"Haya. Na usiniruke hata mpira mmoja."